Mwendelezo upi wa kuusubiri, na umfuate nani: mbunifu au jina la gemu?

Mwanjelwa_L2R2

Wakuu, habari za jioni na poleni na baridi. Kwenye mabanda ya gemu hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa mpaka Iyunga, ubishi ni mmoja: Bully 2 inakuja, Black 2 inakuja, PES (ile gemu ya mpira ya Konami) ya zamani inarudi, Bloodborne 2 imeshakamilika inafichwa tu. Kila mbishi ana video ya YouTube mfukoni. Sitaki tetesi, nataka kipimo.

Mbunifu aliyeianzisha gemu akiondoka kwenye kampuni, mwendelezo unaotoka baadaye ni gemu ileile au limebaki jina tu? Na mtu ajuaje kwamba mwendelezo unatengenezwa kweli, siyo trela ya kuwatuliza wenye hisa? La mwisho ni la mfukoni: mwenye PS4 ya GB 500 na kompyuta yenye kadi ya picha ya GTX 1050 Ti asubiri nini, anunue nini, aachane na nini? Mkitaja mtu tajeni na mwaka, ubishi uishe. Nawasilisha.

Gangilonga_Pedi

Kamwene mleta mada. Kabla hujauliza mbunifu yuko wapi, uliza jina ni mali ya nani. Ubishi mwingi wa bandani unafia hapo.

Mchukue Hideo Kojima. Metal Gear aliianzisha mwaka 1987 akiwa mwajiriwa wa Konami, akaendelea nayo mpaka The Phantom Pain iliyotoka tarehe 1 Septemba 2015. Mwaka huohuo akaachana nao. Aliondoka na sifa yake na baadhi ya watu wake. Jina la Metal Gear, wahusika wote, pamoja na injini ya Fox (programu ya msingi inayoendesha gemu) iliyojengwa na timu yake, vikabaki Konami. Mwaka 2018 Konami wakatoa Metal Gear Survive bila yeye, gemu ya kuokota vyuma na kujenga uzio dhidi ya mazombi. Agosti 2025 wakatoa Metal Gear Solid Delta, ambayo ni Snake Eater ya PS2 ya mwaka 2004 iliyojengwa upya kwa Unreal Engine 5, hadithi ileile na sauti zilezile. Kwa maoni yangu walikuwa na akili kuchagua kujenga upya badala ya kutunga mpya: kazi ngumu ya mtunzi ilikuwa imeshafanywa miaka zaidi ya 20 nyuma.

Kojima naye akabaki hana injini. Akaenda kwa Guerrilla wa Amsterdam, wale wa Horizon, wakampa injini yao, Decima. Ndiyo iliyobeba Death Stranding mwaka 2019 na ya pili Juni 2025. Kwa hiyo anayesubiri "Metal Gear mpya ya Kojima" anasubiri kampuni mbili zipatane, hasubiri mtu mmoja aamke na wazo.

Kwenye injini pana jambo linalowagusa hata wasiojua Kojima ni nani. Fox ndiyo iliyoendesha PES za PS3 na PS4 kuanzia PES 2014 mpaka PES 2021. Ndiyo, mpira mliokuwa mkishindania soda ulikaa juu ya kazi ya watu wa Metal Gear. Konami walipoiacha na kuhamia Unreal kwa ajili ya eFootball, iliyotoka tarehe 30 Septemba 2021, halikubadilika jina peke yake. Mwendo wa mchezaji, uzito wa mpira, namna mwili unavyogeuka anapokabwa, vyote vilitengenezwa upya, na wakaitoa ikiwa na timu chache na nyuso za kuchekesha. Mtu akikuambia PES ya zamani inarudi, muulize inarudi kwa injini gani na nani aliyebaki anayeijua.

Bloodborne ni mfano safi zaidi. Hidetaka Miyazaki aliiongoza, FromSoftware wakaitengeneza, ikatoka Machi 2015, lakini jina ni la Sony. Studio haiwezi kuanza ya pili kwa hamu yake. Ndiyo maana watu haohao wametoa Sekiro (2019) na Elden Ring (2022) kwa wachapishaji wengine, huku Bloodborne ikibaki PS4 kwa fremu 30 kwa sekunde. Ukitaka kumfuata Miyazaki mwenyewe, gemu aliyotangazwa kuiongoza ni The Duskbloods, ya Switch 2 peke yake, iliyotajwa Aprili 2025 kwamba ni ya 2026. Siyo mwendelezo wa chochote, ila mikono ni ileile.

Sokomatola_RW

Naongezea kizazi cha PS2, maana ndiko kwenye kelele nyingi.

Black ilitengenezwa na Criterion wa Guildford, Uingereza, ikatoka 2006. Wakati huo Criterion walishanunuliwa na kampuni ya EA tangu 2004, kwa hiyo jina ni la EA. Mbunifu wake, Stuart Black, aliondoka akaenda Codemasters kuanzisha Bodycount, ambayo ilikuwa Black kwa kila kitu isipokuwa jina. Aliiacha njiani, ikatoka 2011 ikiwa butu, studio ikafungwa. Criterion wenyewe miaka ya karibuni wamewekwa kwenye Need for Speed na Battlefield. Hesabu yake basi: jina lipo kwa EA, mbunifu hayupo, timu ina kazi nyingine. Tulizeni moyo.

Ununuzi ule wa 2004 ulikuwa na mkia mrefu kuliko watu wanavyodhani. Criterion ndio waliokuwa wakiuza RenderWare, injini iliyobeba GTA III (2001), Vice City (2002) na San Andreas (2004). Ghafla injini ya Rockstar ikawa mikononi mwa mshindani wao. Wakajenga ya kwao, RAGE, wakaijaribia kwenye gemu ya tenisi ya mezani mwaka 2006, kisha GTA IV mwaka 2008. Gari la San Andreas na la GTA IV hayashikiki sawa kabisa: lile la kwanza linageuka papo hapo, la pili linalala upande kwenye kona na kukudai upunguze mwendo mapema. Wengi waliosema "GTA IV gari zito" huenda walikuwa wanalalamikia mabadiliko hayo bila kuyajua.

Need for Speed Most Wanted ndiyo somo lenyewe la swali lako la kwanza. Ipo ya 2005 na ipo ya 2012, jina herufi kwa herufi. Ya 2005 ni ya EA Black Box wa Kanada: mji wa Rockport, orodha ya madereva 15, unapanda kwa kushinda mbio na kukusanya pointi za kukimbizana na polisi, unabadilisha bodikiti, rimu, stika. Ya 2012 ni ya Criterion, watu wa Burnout: mji wa Fairhaven, wapinzani 10, magari mengi unayakuta yameegeshwa mtaani unaingia tu na kuondoka, na urembo wa gari karibu haupo. Wala siyo gemu mbaya, ina mwendo na migongano ya Burnout. Lakini aliyeinunua akitegemea kuvalisha BMW M3 GTR stika alinunua kitu kingine. Black Box walikuja kufungwa, kwa hiyo Most Wanted nyingine ikitangazwa kesho, itakuwa na mikono ya tatu.

Bully (2006) ni kazi ya Rockstar Vancouver. Studio hiyo ilifungwa mwaka 2012 baada ya Max Payne 3, watu wakahamishiwa Toronto. Mwenye jina yupo na ana hela kuliko wengi, ila timu iliyoijua shule ile haipo kama timu. Hakuna Bully 2 iliyotangazwa. Video zote mnazoonyeshana ni za mashabiki.

Msisahau pia San Andreas iliyotoka upya Novemba 2021 ndani ya kile kifurushi cha gemu tatu. Hawakuijenga Rockstar wenyewe, waliijenga Grove Street Games, ambao zamani wakiitwa War Drum ndio waliotengeneza San Andreas ya simu ya 2013. Ilitoka na mvua nyeupe inayoziba macho, mabango yenye maneno yaliyokosewa, na ukungu umeondolewa mpaka ukipanda ndege unaiona ramani yote ilivyo ndogo. Ule ukungu wa PS2 haukuwa umaskini peke yake. Ulikuwa unaificha Las Venturas isionekane kutoka Los Santos. Apdeti ya Novemba 2024 ilirudisha mwanga wa kizamani. Anayetaka kuinunua leo aishushe na apdeti hiyo, asicheze ya kwenye diski mbichi.

Kihesa_Savepoint

Gangilonga na Sokomatola mmesema vizuri ila mnamtukuza mno mtu mmoja mmoja.

Angalieni God of War. Ya 2005 iliongozwa na David Jaffe. Ya pili, 2007, Cory Barlog. Ya tatu, 2010, Stig Asmussen. Ya 2018 karudi Barlog. Ragnarök, 2022, Eric Williams. Kila mara mwongozaji mwingine na gemu haikuharibika, kwa sababu studio ni ileile ya Santa Monica na anayeongoza leo alikuwa kwenye timu jana. Williams alikuwepo tangu ya kwanza. Mbunifu akiondoka siyo msiba. Msiba ni studio kuvunjwa.

Capcom nao vilevile. Resident Evil ya 1996 ni ya Shinji Mikami, ya pili (1998) akaiongoza Hideki Kamiya, ya nne (2005) akarudi Mikami. Leo wote wawili hawapo Capcom, na mfululizo uko imara kuliko wakati wowote. Mwaka 2017 walitoka na ya saba chini ya Koshi Nakanishi, wakiwa na injini mpya, RE Engine. Injini hiyohiyo ikazaa ya pili upya (2019), ya tatu upya (2020), Village (2021), ya nne upya (2023), na Requiem ya Februari 2026 ambayo imerudi kwa Nakanishi. Studio ikiwa na injini inayoijua, kila gemu inaanza jikoni pakiwa na moto tayari. CD Projekt ni kinyume: mwaka 2022 walitangaza kuiacha injini yao na kuhamia Unreal 5. The Witcher 4 ilionyeshwa Desemba 2024 na wenyewe wakasema haitoki kabla ya 2027. Mwongozaji wa Witcher 3, Konrad Tomaszkiewicz, hayupo tena, ana studio yake Rebel Wolves. Hapo ndipo mimi ningekuwa na wasiwasi: mwongozaji mpya na injini mpya kwa pamoja.

Halafu Gangilonga, hilo la kampuni kupatana siyo ndoto. Okami ilitoka PS2 mwaka 2006, Kamiya akiwa studio ya Clover ndani ya Capcom. Clover ikavunjwa, akaenda PlatinumGames, akaondoka huko 2023. Desemba 2024 ukatangazwa mwendelezo: Capcom mwenye jina, Kamiya mwongozaji kupitia studio yake mpya Clovers, injini ni RE Engine. Miaka 18 imepita, na vyote vitatu vimekutana. Katika yote yaliyotajwa kwenye uzi huu, huo ndio mwendelezo ninaouamini zaidi, ingawa hawajasema tarehe.

Gangilonga_Pedi

Kihesa nakubali la studio. Ila Okami inathibitisha nilichosema: isingekuwa Capcom kukubali, Kamiya angebaki na hamu yake. Na injini peke yake haitoshi. Hi-Fi Rush ilitoka Januari 2023, ikasifiwa kila kona, Microsoft wakaifunga studio ya Tango Mei 2024. Agosti mwaka huo kampuni ya Krafton wakaichukua studio pamoja na jina la Hi-Fi Rush. The Evil Within, ya studio ileile, haikuhama. Timu moja, majina mawili, moja lina njia ya mwendelezo na jingine limefungiwa kabatini kwa mwenye nyumba wa zamani. Karatasi, mzee wangu.

Uyole_Mkaguzi

Mleta mada aliuliza ajuaje. Fuata mpangilio huu, haukuchukui hata bando kubwa.

Fungua tovuti ya MobyGames, tafuta gemu ya zamani unayoipenda, nenda kwenye orodha ya waliohusika. Andika majina ya nafasi tatu tu: mwongozaji, mbunifu mkuu, na mkuu wa programu. Bofya kila jina uone kazi zake za mwisho. Wawili kati ya watatu wakiwa bado studio ileile, una msingi. Usihangaike na mtayarishaji mkuu, huyo mara nyingi ni mtu wa bajeti, na ndiye anayependa kuhojiwa.

Baada ya hapo itazame trela yenyewe. Trela ya filamu, isiyo na sehemu hata moja inayochezwa, maana yake mara nyingi ni tangazo la kutafuta wafanyakazi na kuwatuliza wawekezaji. Beyond Good & Evil 2 ilionyeshwa 2008, ikaonyeshwa tena 2017 kwa trela ya filamu iliyotikisa ukumbi. Mbunifu wake Michel Ancel akaondoka Ubisoft 2020. Gemu haijatoka. Trela yenye mchezo ni afadhali, ila nayo siyo ahadi: Silksong, mwendelezo wa Hollow Knight, ilitangazwa Februari 2019 ikiwa inachezeka kabisa, ikatoka tarehe 4 Septemba 2025. Tofauti ni kwamba Team Cherry ni kikundi kidogo mno cha Adelaide, Australia, jina ni lao, hawana wenye hisa, na Hollow Knight ya 2017 iliwalipa vya kutosha kukaa kimya. Ilianza kama nyongeza tu ya gemu ya kwanza, ikakua. Kuchelewa kwa namna ile sikuogopi. Ninachoogopa ni kuchelewa kunakoambatana na mwongozaji kubadilishwa.

Ishara ya uhakika zaidi ni daraja la umri. Bodi kama PEGI ya Ulaya au ESRB ya Marekani zikishaichapisha gemu kwenye orodha yao, maana yake maudhui yameshapelekwa kukaguliwa. Baada ya hapo husikika kwamba gemu "imekuwa dhahabu", yaani nakala ya kupeleka kiwandani kuchapwa diski imekamilika. Hata hapo usikimbilie kulipa. Cyberpunk 2077 ilitangazwa dhahabu Oktoba 2020, wakaisogeza tena mpaka tarehe 10 Desemba, na kwenye PS4 ilitoka mbovu kiasi kwamba Sony waliiondoa dukani mwao mwezi huohuo.

GTA VI ipitishe kwenye chujio hili. Jina na studio: Rockstar. Injini: ni RAGE yao wenyewe. Watu: Leslie Benzies aliondoka 2016, Dan Houser aliyeandika nyingi kati ya hizi akaondoka 2020, Sam Houser bado yupo. Trela ya kwanza Desemba 2023. Tarehe ilisogezwa kwenda 26 Mei 2026, ikasogezwa tena kwenda 19 Novemba 2026. Kwa hiyo ipo, hakuna ubishi. Kisichojulikana ni kama uandishi utakuwa na ukali uleule bila Dan, na hilo hakuna trela itakayokujibu. Usilipe oda ya mapema ya kitu cha kidijitali, hakiishi dukani.

Tukuyu_JuaMwezi

Mbona mnazunguka Japani na Marekani, hamjaigusa iliyosemwa kwa lugha yetu? Tales of Kenzera: Zau, Aprili 2024, ya Surgent Studios wa Uingereza. Mwanzilishi na mtunzi ni Abubakar Salim, muigizaji mwenye asili ya Kenya, ndiye sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins. Aliitunga kutokana na msiba wa baba yake. Kijana Zau anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti, ili amrudishe babaye. Ina sauti za Kiswahili kwa hadithi nzima, unachagua kwenye mipangilio. Kiswahili chenyewe kimekaa, hakijatafsiriwa kwa mashine.

Kimchezo ni ya kuruka na kupigana kwa upande mmoja, ramani inafunguka kadiri unavyopata uwezo mpya. Una barakoa mbili: ya jua kwa mapigano ya karibu, ya mwezi kwa kurusha kutoka mbali, na unabadilisha katikati ya pigo. Anayekwama mara nyingi ni yule anayeshikilia barakoa moja. Maadui wenye ngao ya rangi fulani wanadai barakoa ya rangi hiyo. Kasoro yake ni ufupi na aina chache za maadui, na nusu ya pili inajirudia. Hizo ni kasoro ambazo mwendelezo unaweza kuzitibu bila kugusa msingi.

Tumaini lipo kiasi gani? Studio ilipunguza wafanyakazi 2024, mwaka huohuo wakasema wanatafuta fedha za gemu nyingine ndani ya dunia hiyohiyo ya Kenzera. Mwaka 2025 wakatoa Dead Take, gemu ya kutisha, ndogo na ya gharama nafuu. Kwa hiyo mbunifu yupo, kinachokosekana ni mfadhili. Hapa shabiki ana nguvu kuliko kwa GTA: nakala zinazonunuliwa kihalali ndizo takwimu wanazopeleka mezani. Haipo PS4 lakini, ni PS5, Xbox Series, Switch na kompyuta.

Sokomatola_RW

Ndaga fijo dada. Na kwenye punguzo la Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, bei yake hushuka vizuri tu, wenye kompyuta waiweke kwenye orodha ya matamanio wapate taarifa.

Mafinga_HDD

La mfukoni hamjalijibu. Nianze na kisichoingia PS4, mjue: GTA VI, Resident Evil Requiem, Death Stranding 2, Metal Gear Solid Delta, Zau. Hizo zote PS4 hailetewi. Vinavyoingia na vinastahili hela: God of War Ragnarök, Resident Evil Village na ya nne ya 2023, Elden Ring, Silksong. Ukinunua PS4 leo kwa ajili ya "kusubiri miendelezo" unanunua kituo ambacho basi limeshapita, ila kwa yaliyokwishatoka una miaka ya kucheza.

Kwa GTX 1050 Ti: Resident Evil 4 ya 2023 inaitaja kadi hiyo ya GB 4 kama kima cha chini, pamoja na RAM GB 8. Itacheza, weka picha chini na ubora wa tekscha usivuke kile kijipimo cha kumbukumbu ya kadi kinachoonyeshwa pembeni kwenye mipangilio, kikiwa chekundu itakwama au kujifunga. Elden Ring inataka GTX 1060 ya GB 3 na RAM GB 12, usilazimishe. Silksong inatosheka kabisa, inadai nafasi ya kama GB 8 tu, na bei yake ni dola 20 kasoro senti.

PS4 ya GB 500 inakuachia kama GB 400 za kutumia. Red Dead Redemption 2 peke yake inakula zaidi ya GB 100. Na kuna mtego kwenye apdeti: PS4 inatengeneza kwanza nakala mpya ya gemu ndipo inafuta ya zamani, kwa hiyo apdeti ndogo inaweza kudai nafasi inayokaribia ukubwa wa gemu nzima. Ukiona "nafasi haitoshi" na bado una GB 40, ndiyo sababu. Njia rahisi ni diski kuu (hard disk) ya nje ya USB 3.0, kuanzia GB 250 mpaka TB 8, ichomekwe moja kwa moja kwenye mashine, siyo kupitia kigawanyio cha USB. PS4 itaifomati yote, toa filamu zako kwanza. Njia ya pili ni kubadilisha ya ndani: inchi 2.5, SATA, unene usizidi milimita 9.5. Hapo wengi wanakwama kwenye programu. Kwenye flashi tengeneza folda PS4, ndani yake folda UPDATE, zote herufi kubwa, na faili liitwe PS4UPDATE.PUP. Lazima liwe lile la kusakinisha upya, lenye kama GB 1. Lile dogo la apdeti lina jina hilohilo, ukiliweka mashine itasema haioni faili.

Msimu wa mvua huku kwetu umeme unacheza. Ukikatika wakati gemu inanakiliwa, mashine ikarudi nzito au ikoni hazifunguki, zima kabisa, shikilia kitufe cha kuwasha kama sekunde 7 mpaka usikie mlio wa pili, chomeka pedi kwa waya, chagua namba 5, kujenga upya kanzidata. Haifuti gemu wala hatua ulizohifadhi (save) za mchezo. Namba 6 na 7 ndizo zinazofuta, msiguse.

Mwanjelwa_L2R2

Wakuu mmenisaidia sana. Mawili yamebaki. Diski zinazopitia Tunduma na zile za Dubai zina tofauti? Na kwa kuwa PES ya zamani hairudi, 2021 inaweza kuwekewa vikosi vya sasa kwenye PS4?

Mafinga_HDD

Diski ya PS4 inacheza mashine yoyote, ya eneo lolote. Kinachogoma ni nyongeza. Soma mgongo wa kava, kuna namba inayoanza na CUSA, ya PS5 inaanza na PPSA. Ya Ulaya na ya Marekani zina namba tofauti kwa gemu moja. Ukiwa na diski ya Elden Ring ya Ulaya, ukanunua nyongeza yake, Shadow of the Erdtree, kwa akaunti ya Marekani, hela imekwenda na gemu haitaiona. Linganisha namba ya kava na ile inayoonekana kwenye anwani (URL) ya ukurasa wa nyongeza kwenye tovuti ya duka kabla hujalipa. Kama akaunti yako ya nchi nyingine, tafuta toleo ambalo nyongeza imo kwenye kava tayari, na hakikisha ni diski, siyo karatasi ya namba ya kupakulia (code) ndani ya kava tupu.

PES 2021 inakubali, na ndiyo sababu haifi. Flashi ifomatiwe kwa FAT32 au exFAT, tengeneza folda WEPES nje kabisa, siyo ndani ya folda nyingine, mimina mafaili yote humo. Kwenye gemu nenda Edit, halafu Import/Export, ingiza timu, chagua zote. Kile kisanduku cha kutumia data za wachezaji na vikosi ukikiacha bila tiki utapata jezi na nembo tu, wachezaji watabaki wa 2020. Fanya hivyo kabla ya kuanzisha Master League, kwa sababu ligi iliyoanza inabeba vikosi vya siku ilipoanzishwa. Jezi zitabadilika, wachezaji hapana. Wa Xbox msisumbuke, yao haina mlango huo wa kuingiza picha.